Alama Zimepotea: Ni Nani Aliyezipoteza?

Katika vyuo vikuu vyetu mna sentensi moja fupi ambayo mwanafunzi huijua kabla hajaumaliza mwaka wake wa kwanza. Sentensi yenyewe ni "Alama zimepotea." Karani humwambia mwanafunzi kupitia dirishani, mratibu wa mitihani huirudia, na hatimaye mwenyekiti wa idara huitamka kwa sauti ya mtu atoaye rambirambi. Kisarufi, sentensi hii haina ila. Ina kiima, ina kiarifu, na upatanisho wa ngeli umezingatiwa kama ipasavyo. Ila yake iko kwingine: ndani yake hamna mtu.

Wanaosomesha sarufi ya Kiswahili wanajua kuwa lugha hii ina njia nyingi za kueleza jambo lililotokea bila kumtaja aliyelitenda. Iko kauli ya kutendwa, kama katika "kikombe kilivunjwa," ambayo humficha mtenda lakini huacha mlango wazi, kwani twaweza kuongeza "na Juma" na mambo yakadhihirika. Iko pia kauli ya kutendeka, "kikombe kilivunjika," ambayo huufunga mlango huo na kuutia komeo. Ukijaribu kusema "kikombe kilivunjika na Juma," msikilizaji atadhani kuwa Juma naye alivunjika. Kitenzi "potea," japo hakina kiambishi kile kile, kimo katika ukoo huo huo. Kitu hupotea chenyewe, kama mbuzi aliyeachwa bila mchungaji. Ili kumwingiza mtu ndani ya sentensi hatuna budi kukiacha kitenzi hicho na kushika kingine, yaani "poteza." Hicho ni kitenzi ambacho, katika miaka yangu yote ya kuketi katika mikutano ya idara na bodi za watahini, sikumbuki kukisikia kikitumiwa katika nafsi ya kwanza.

Nisieleweke vibaya. Sidai hata kidogo kuwa Kiswahili ni lugha ya wakwepaji. Wanasiasa wa Uingereza na Marekani nao ni mabingwa wa kukiri kuwa "makosa yalifanyika" pasi na kusema ni nani aliyeyafanya, na sijui lugha yoyote isiyokuwa na kichaka cha namna hiyo. Hata hivyo, uchaguzi wa kitenzi si jambo la urembo tu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo watu walisomeshwa habari ya mkasa wa moto mkahawani. Kundi moja lilisoma maelezo yaliyomtaja mtenda waziwazi. Kundi jingine likasoma mkasa ule ule kwa vitenzi visivyomtaja. Waliosoma maelezo yenye mtenda walimlaumu mhusika zaidi na wakataka alipe fedha nyingi zaidi. Mkasa ulikuwa mmoja, na kilichobadilika ni maneno tu. Basi, mfanyakazi anayechagua kusema "zimepotea" badala ya "nimezipoteza" si mjinga wala si lazima awe mwongo. Amepiga hesabu yake, na amegundua kuwa kitenzi kimoja ni cha bei nafuu kuliko kingine.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wakuu wa kazi, wawe wenyeviti wa idara, walimu wakuu au mameneja wa mashirika. Wengi wao hulalamika kuwa walio chini yao hawawajibiki. Huandaa warsha, huleta wataalamu wa kutoa mihadhara, hubandika kutani maneno ya dhati yaliyochapwa kwa herufi kubwa. Maoni yangu ni kwamba mkuu husikia zile sentensi ambazo yeye mwenyewe amezifanya ziwe salama kutamkwa. Ikiwa katika ofisi yake "zimepotea" ni usalama na "nimezipoteza" ni hatari, basi hatalisikia hilo la pili mpaka siku atakapostaafu.

Tuufuate mkondo wa alama hizo ili tuone zinakopotelea. Mwanafunzi hufanya mtihani ukumbini pamoja na wenzake, pengine mia tatu au zaidi. Wasimamizi hukusanya karatasi za majibu na kuzifunga kwa kamba au kuzitia katika bahasha. Huko idarani mtu huzipokea. Mhadhiri huja akazichukua, akaenda nazo nyumbani, mara kwa gari lake na mara kwa matatu, akazisahihisha usiku watoto wakiwa wamelala. Huandika orodha ya alama na kumkabidhi mratibu wa mitihani. Karani huziingiza katika kompyuta. Mtahini wa nje huja akapitia baadhi ya karatasi na kutoa maoni yake. Bodi ya watahini ya idara huketi, kisha ya kitivo, na mwishowe Seneti huidhinisha. Hapo bado sijataja alama za majaribio ya muhula, ambazo zina njia yake nyingine na huenda zikawa zimeandikwa katika daftari la mtu ambaye amekwisha kuhamia chuo kingine.

Mtu akiihesabu mikono hiyo ataona kuwa haipungui minane. Jambo la ajabu ni kwamba ukimhoji kila mmoja peke yake, aghalabu atakuambia ukweli. Msimamizi aliiacha bahasha mezani kwa katibu, kweli. Mhadhiri alipokuja hakuikuta mezani, kweli. Mratibu alipokea orodha yenye majina 212 na akaipeleka kama alivyoipokea, kweli. Hakuwa na njia ya kujua kuwa waliofanya mtihani walikuwa 219. Karatasi hazikupotelea mkononi mwa mtu. Zilipotelea kati ya mkono na mkono, mahali ambapo hapakuwa pa mtu. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hali hii ni mbaya zaidi. Hapa kila baharia anapiga kasia lake kwa bidii, na usukani hauna mtu.

Zipo sababu za kihistoria zilizoukuza ugonjwa huu. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mwaka 1998 mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata, idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi ambayo haikulingana na idadi ya wahadhiri, makarani wala kabati za kuwekea karatasi. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kujuana, mhadhiri akimjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa mwandiko, ikawa inafanywa kwa nambari. Kompyuta zilipokuja tulidhani tumeokoka. Lakini kompyuta hutunza kile ilichopewa. Haijui kuwa kuna bahasha iliyosalia katika buti ya gari.

Namkumbuka mwanafunzi mmoja wa kike katika chuo ambacho sitakitaja. Alikuwa amemaliza masomo yake yote ya ualimu, na somo moja tu ndilo lililokosa alama. Alikwenda kwa karani, karani akampeleka kwa mratibu, mratibu akamtuma kwa mhadhiri, mhadhiri akamwambia kuwa alama alikwisha kuzipeleka, na mwenyekiti akamwahidi kuwa suala lake linashughulikiwa. Majina ya wanaohitimu yalipotangazwa, lake halikuwamo. Shule moja ya upili iliyokuwa imemwahidi kazi kwa mkataba wa bodi ilimngojea muhula mmoja, kisha ikamwajiri mwingine. Baada ya mwaka na zaidi karatasi zake zilionekana, pamoja na za wenzake sita, katika bahasha iliyoandikwa jina la somo jingine. Idara ilimpigia simu kwa furaha. Na unadhani walimwambiaje? "Zimepatikana." Sentensi nyingine isiyokuwa na mtu. Hakuna aliyezipoteza, na kwa hiyo hakuna aliyeulizwa ni vipi bahasha ya somo moja ilipata jina la somo jingine; na kwa kuwa hakuna aliyeulizwa, sioni kilichozuia jambo hilo lisitokee tena katika muhula uliofuata.

Baada ya malalamiko ya namna hii, mkuu aghalabu huandika barua. Barua za aina hii zafanana kama mapacha. Huanza kwa kusema kuwa imebainika kwamba alama hazifikishwi kwa wakati ufaao. Kisha wahusika wote hukumbushwa kutekeleza majukumu yao. Na mwisho husemwa kuwa hatua kali zitachukuliwa. Imebainikia nani? Hatua zitachukuliwa na nani, lini, na ni hatua gani? Nawaomba walimu wa fasihi wamtazame vizuri huyo anayeitwa mhusika. Katika riwaya na tamthilia mhusika ana jina, ana tabia, ana matendo yanayomtofautisha na wenzake. Katika barua za ofisi mhusika hana hata kimoja cha hivyo. Kila aisomaye barua hiyo humwona mhusika kuwa ni jirani yake. Mkuu aliyeandika "wahusika wote" amewafundisha wafanyakazi wake, kwa mfano wa kalamu yake mwenyewe, jinsi ya kusema jambo bila kumtaja mtu, na haimfai kushangaa wanapomjibu kwa lahaja hiyo hiyo.

Kumbukumbu za mikutano nazo ni somo kamili. "Ilikubaliwa kuwa suala hilo lishughulikiwe." Mkutano unaofuata: "Ilielezwa kuwa suala hilo linashughulikiwa." Wakati wa -na- ni hazina kubwa kwa mtu asiyetaka kushikwa. Mwenye kusema "nimelifanya" anaweza kuombwa alionyeshe, na mwenye kusema "sijalifanya" anaweza kuulizwa kisa na maana. Lakini "linashughulikiwa" halina mwanzo wala mwisho, na linaweza kuendelea hivyo hadi mkutano wa kumi. Nimewahi kumwona mwenyekiti mmoja aliyeukomesha mchezo huo bila kumkemea mtu. Alimwagiza katibu wa mkutano asiandike azimio lolote mpaka azimio hilo lipate mambo matatu: jina la mtu mmoja, tarehe, na kitu kitakachoonekana kwa macho. Si "idara itahakikisha," wala si "kamati itafuatilia," bali Bwana Fulani ataleta orodha ya waliotia sahihi ukumbini siku ya Ijumaa. Mwanzoni watu walinung'unika kuwa wanafanywa kama watoto wa shule. Lakini mwenyekiti yule alikuwa na desturi nyingine iliyowatuliza, nayo ni kwamba kabla ya jina kuandikwa alimwuliza mwenye jina mbele ya wote, "Je, waweza? Na wahitaji nini?" Mtu aliruhusiwa kukataa, au kusema kuwa ataweza akipewa msaidizi kwa siku mbili. Baada ya kukubali mwenyewe kwa kinywa chake, hakuwa na haja ya kukumbushwa kwa barua. Aidha, jina la mwenyekiti mwenyewe lilikuwa la kwanza katika orodha, na kila mkutano ulianza kwa yeye kueleza alilolifanya na ambalo hakulifanya. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote.

Wapo watakaosema kuwa huu ni upole usiofaa, na kwamba dawa ya mzembe ni kumfukuza. Sikatai kuwa wapo wazembe, na wapo hata wanaouza alama, nao mahali pao panajulikana. Lakini mkuu anayetegemea hofu hununua kimya. Naomba msomaji aniruhusu niondoke chuoni kwa kitambo kidogo twende kwenye uwanja wa ndege, kwa sababu huko ndiko wanaisimu walikopata ushahidi ulio wazi wa jinsi hofu na heshima zinavyoathiri maneno ya mdogo kwa mkubwa.

Tarehe 13 Januari 1982 ndege ya shirika la Air Florida iliondoka mjini Washington wakati theluji ikianguka. Barafu ilikuwa imeziba kipimio cha injini, kwa hiyo saa za mbele ya marubani zilionyesha nguvu kubwa kuliko ile iliyokuwapo. Rubani msaidizi aliliona hilo. Alisema zaidi ya mara moja kuwa vipimo havionekani kuwa sawa, lakini alisema kwa kudokeza, kama mtu anayejisemea, na rubani mkuu akaendelea na safari. Ndege iligonga daraja ikatumbukia katika mto Potomac, na watu 78 wakafa, wakiwemo 4 waliokuwa wakipita darajani kwa magari yao. Mwanaisimu Charlotte Linde, ambaye alichunguza mazungumzo ya marubani yaliyonaswa katika ajali kadhaa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1988, aligundua kuwa maneno ya mdogo kwa mkubwa hulainishwa zaidi kuliko ya mkubwa kwa mdogo, na kwamba hoja iliyolainishwa huelekea zaidi kupuuzwa. Rubani yule hakukosa maarifa wala uangalifu. Alichokosa ni sentensi ambayo mtu wa cheo chake angeweza kuitamka bila kuonekana mkosa adabu.

Sisi tuliolelewa kumwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa twaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Mwalimu mchanga hamwambii mwalimu mkuu, "Umesahau kutia sahihi fomu za watahiniwa." Atasema, "Mzee, sijui kama zile fomu zilishapita." Mzee, ambaye mawazo yake yako kwa wazazi wanaomngojea nje, ataitikia "Mm," na mwalimu ataondoka akiamini kuwa amekwisha kusema. Sipendekezi tuitupe adabu yetu. Napendekeza kuwa ni kazi ya mkubwa, si ya mdogo, kuusikia ujumbe ulio ndani ya adabu hiyo na kumwuliza mwenziwe kwa upole, "Wataka kuniambia nini hasa, mwalimu?"

Wenye ndege walijifunza jambo jingine tena. Tangu mwaka 1976 Marekani ina mpango unaosimamiwa na shirika la NASA ambapo rubani au mwelekezaji wa ndege huweza kuripoti kosa lake mwenyewe. Jina lake huondolewa katika taarifa. Na ikiwa kosa halikukusudiwa, wala si jinai wala si ajali, naye ameripoti katika muda wa siku 10, kwa kawaida haadhibiwi. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walitaka habari, na walitambua kuwa anayezijua habari za kosa kwanza ni yule aliyelifanya. Hebu tufikirie chuo ambamo mhadhiri aliyegundua kuwa bahasha haionekani angeweza kusema siku hiyo hiyo, ilhali wanafunzi bado wako chuoni na ukumbi bado unakumbukwa, bila kuogopa kuwa neno lake litamharibia nafasi ya kupandishwa cheo. Bahasha za siku mbili hutafutwa zikaonekana. Za miezi kumi na minne huonekana kwa bahati.

Nikirudi katika lugha yetu, naona kuwa neno lenyewe limepindishwa na matumizi. Mzizi wake ni wajibu, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lenye maana ya jambo linalompasa mtu. "Kuwajibika" ni kulishika jambo hilo, na "uwajibikaji," kwa umbo lake, ni mwenendo wa kila siku, kama vile ulimaji au ufundishaji, si tukio la mara moja. Lakini magazetini mwetu "kuwajibishwa" kumekuwa na maana ya kuadhibiwa. Mtu akisoma kuwa maafisa fulani "wawajibishwe," huelewa kuwa wafutwe kazi. Kwa majirani zetu wa Tanzania "kuwajibika" kumekaribia kuwa na maana ya kujiuzulu, na huko kuna kisa cha kweli kilichoipa maana hiyo heshima yake. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye hakuwa amemgusa mtu. Lakini vyombo vile vilikuwa chini yake. Mwaka 1985 alikuwa Rais wa Tanzania. Kisa hiki huelezwa kama habari ya unyoofu wa mtu mmoja, nayo ni kweli. Lakini hueleza pia habari ya wale waliomrudisha, ambao walitambua kuwa mtu anayesema "hili lilikuwa langu" si wa kutupwa jaani.

Yafaa pia tukumbuke kuwa hesabu hutolewa kwa kilichokabidhiwa. Katika vyuo vingi sehemu kubwa ya masomo hufundishwa na wahadhiri wa muda, na si siri kwamba wengi wao hukaa miezi, na wengine miaka, bila kulipwa. Baadhi yao hushika alama kama rehani. Mwanafunzi, ambaye hakukopa wala hakukopesha, ndiye anayelipa deni hilo. Simtetei mhadhiri anayefanya hivyo. Lakini mkuu anayempigia kelele kuhusu wajibu ilhali yeye mwenyewe amevunja mkataba atakuwa anatwanga maji kinuni. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 10, inautaja uwajibikaji miongoni mwa maadili ya kitaifa, na katika Kifungu cha 73 inamtaka afisa wa serikali awajibike kwa umma kwa maamuzi na matendo yake. Sheria hiyo haikusema kuwa jambo hilo huteremka kutoka juu kwenda chini tu.

Kuhusu fomu sitasema mengi. Kandarasi za utendakazi ziliingia katika mashirika ya umma nchini mwaka 2004, na mfumo wa kuwatathmini walimu ukaanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2016. Nia ilikuwa njema. Lakini mwalimu yeyote atakuambia jinsi vipindi vinavyojazwa kwenye fomu usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na jinsi anayezipokea asivyokuwa na muda wa kuzisoma. Fomu ambayo haikuzua mazungumzo kati ya watu wawili ni karatasi tu, na mwalimu huitambua upesi kuliko mkaguzi.

Katika idara niliyoitaja, ile ya mwenyekiti aliyekuwa akiuliza "wahitaji nini," hapakuletwa mashine yoyote mpya. Palinunuliwa daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Kabla bahasha haijatoka ukumbini, karatasi zilihesabiwa na msimamizi mbele ya mwenziwe, na idadi ikalinganishwa na sahihi za waliohudhuria. Kila mara bahasha ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine, anayetoa na anayepokea walitia sahihi pamoja, wakaandika idadi na saa. Kabati likawa na ufunguo, na ufunguo ukawa na mtu. Mara ya kwanza hesabu ilipokataa, karatasi 88 zikiwa zimetoka na 87 zikafika, mhadhiri mmoja wa makamo alirudi ofisini jioni hiyo hiyo akasema, "Nimeiacha moja nyumbani, ilikuwa katikati ya gazeti." Watu walicheka, mwenyekiti akamshukuru, na asubuhi karatasi ikaletwa. Sidhani kuwa mwanafunzi mwenye karatasi ile alipata kujua.

Walimu wa shule za upili wasidhani kuwa haya ni ya vyuo vikuu pekee. Vitabu vya kiada "huisha," fedha za safari "hutumika," na mtahiniwa "hukosa kusajiliwa," akaja kugundua wakati wenziwe wanapokabidhiwa nambari zao za mtihani. Daftari la jalada gumu linauzwa katika kila duka la vitabu.

Nao wanafunzi wasikae wakingoja. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, au yaelekea itaathiriwa, haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukiambiwa dirishani kuwa alama zako zimepotea, usiondoke na sentensi hiyo mdomoni. Andika barua kwa mwenyekiti wa idara, utaje somo, tarehe ya mtihani, ukumbi na nambari yako, uambatishe nakala ya kadi ya mtihani, na uulize mambo mawili: ni nani aliyezipokea karatasi za somo hilo kwa mara ya mwisho, na ni nani atakayekujibu. Mpe nakala mkuu wa kitivo. Ile kadi yenyewe, pamoja na karatasi za majaribio ulizorudishiwa, uziweke mahali pakavu mpaka siku utakapokabidhiwa cheti.